Kitovu Katika Kiberiti

Kitovu cha kitindamimba wangu kilianguka siku ya tisa, katika nyumba ya ghorofa ya pili huko Kaiserslautern, Ujerumani. Nilikikuta ndani ya nepi alfajiri, kikavu na cheusi kama kipande cha mzizi. Nilimpigia Mama, huko Voi, Kenya, kabla hata ya kumwambia baba mtoto, aliyekuwa Poland na kikosi chake. Mama aliisogeza simu usoni mpaka nikaona jicho moja tu. “Usikitupe,” akasema. “Kiweke pakavu. Utakuja nacho tukizike chini ya mwarobaini, pale kilipo chako.” Nikakitia ndani ya kiberiti. Siku kumi baadaye Mama akafariki.

Sikwenda kumzika. Sina wa kumlaumu. Jeshi la Marekani lina utaratibu wake wa misiba: Msalaba Mwekundu huthibitisha kifo, ujumbe humfikia kamanda, mtu akaruhusiwa kuondoka. Mume wangu alirudi kutoka Poland siku ya tatu, buti zikiwa bado na matope. Lakini mtoto wa siku 19 hana pasipoti. Kuzaliwa katika hospitali ya kijeshi ya Landstuhl hakumfanyi kuwa Mjerumani, na Umarekani wake unangoja kuandikwa ubalozini, jambo ambalo huchukua majuma. Nami kidonda cha upasuaji kilikuwa hakijafunga. Kumwacha mtoto nisingeweza, kumchukua nisingeweza.

Kwa hiyo nilimzika mama yangu kwa simu. Mpwa wangu ndiye aliyeishika, na kila alipolia mkono wake ulishuka, nikawa naona viatu. Naweza kuwataja wengi waliohudhuria kwa viatu vyao. Mchungaji aliposema mavumbi kwa mavumbi, mtandao ukakatika. Uliporudi, wanawake walikuwa wanaimba na kilima cha udongo mwekundu kimeshasimama. Mtoto alikuwa ananyonya wakati huo wote. Hakuacha hata mara moja.

Jioni hiyo mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, mke wa sajenti kutoka Alabama, na treya ya karatasi ya fedha iliyojaa makaroni na jibini. Kesho yake akaja mwingine, keshokutwa mwingine, kwa juma zima, bila mmoja wao kukaa zaidi ya dakika kumi. Walikuwa wamegawana zamu. Kwao hakuna matanga, na neno lenyewe hawalijui, ila nilipozihesabu zile treya saba juu ya jokofu niliona kwamba nimefanyiwa matanga.

Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu hapa. Mume wangu aliingia Marekani kwa bahati nasibu ya grinikadi, akajiunga na jeshi, akapata uraia akiwa amevaa sare. Eneo hili la Kaiserslautern na Ramstein lina Wamarekani wapatao 50,000 ukijumlisha wanajeshi, wafanyakazi wa kiraia na familia, na inasemekana hakuna jamii ya Wamarekani iliyo kubwa kuliko hii nje ya nchi yao. Unaweza kukaa miaka mitatu bila kujifunza zaidi ya maneno kumi ya Kijerumani. Wengine wanakaa hivyo.

Mwanzoni nilidhani kazi ya kuzoea ni ya vitu. Pasi na mashine ya kusagia tulizonunua Texas hazikufaa kitu, maana umeme wa Marekani ni volti 120 na wa huku ni 230. Pasi kuukuu ya Mama kule Voi ingefanya kazi papa hapa, kwa kubadilisha plagi tu. Nilimwambia, akafurahi siku nzima. Tulijifunza kutenga taka kwa rangi za mapipa. Tulijifunza kwamba chupa haitupwi Jumapili kwa sababu inapiga kelele. Tarehe 11 Novemba tulitembea gizani na taa za karatasi, watoto wa kambi na wa mji pamoja, kwa ajili ya Mtakatifu Martin, ambaye naye alikuwa askari.

Watoto walizoea kabla yangu. Saa kumi na moja jioni tarumbeta hupigwa kambini kupitia vipaza sauti. Magari husimama barabarani, watu hugeukia bendera, na watoto huachia bembea zao wakasimama wima mchangani. Kifunguamimba wangu, binti wa miaka sita, alijua kusimama hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Siku ya kwanza kumwona nilijivunia. Siku ya pili nilitamani akimbie tu.

Alilojua mapema zaidi ni kuagana. Watumishi wenye familia hukaa huku miaka mitatu kwa kawaida, na kila kiangazi malori ya wapakiaji hujipanga mbele ya majengo. Mtoto mmoja kwenye ngazi yetu huondoka, kitanda chake hushushwa, na kabla jua la Agosti halijapoa mwingine analala chumba kile kile. Binti yangu haulizi tena fulani yuko wapi. Anasema, “Amepata uhamisho,” kwa sauti ile ile anayotumia kusema kwamba maziwa yamekwisha.

Kijana wetu wa miaka mitatu alikuwa akimjibu nyanya yake kwa Kiingereza, na Mama akimrudishia kwa Kitaita, kila mmoja akiamini amempata mwenzake. Binti yeye alijikaza na Kiswahili. Kila Jumamosi kabla ya simu alifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni: shikamoo Nyanya, nimekula, nimeenda shule, mtoto amelala. Tangu msiba sijasikia mazoezi hayo. Simkemei. Huzungumzi lugha hewani, unazungumza na mtu, na mtu mwenyewe kazikwa. Mimi na baba yake tunasikia Kiingereza, naye anajua hivyo.

Mei iliyofuata, mama mmoja Mmarekani aliyebaki mjini baada ya mumewe kustaafu alinipeleka kwenye makaburi makuu ya Kaiserslautern. Hakunieleza mengi ndani ya gari. Kuna sehemu huko inayoitwa Kindergraves, Wajerumani na Wamarekani wamelichanganya jina kama walivyochanganyika wenyewe. Wamelala watoto wachanga 451 wa Kimarekani, waliofariki kati ya 1952 na 1971, wengi wao wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Wazazi wao walikuwa wanajeshi na watumishi wa kambi hizi hizi. Walijifungua, wakazika, kisha amri ikafika.

Akina mama wa klabu ya Wajerumani na Wamarekani, pamoja na wanajeshi wa kujitolea kutoka Ramstein, hupatunza mahali hapo, na kila Mei hufanyika ibada ya kuwakumbuka. Nilipewa koleo dogo la bustani na safu ya kupalilia. Mtoto nilikuwa nimemfunga mgongoni kwa leso, na leso ile iliwapa wale bibi furaha kubwa; mmoja wao, Mjerumani wa miaka themanini hivi, aliishika ncha akauliza maandishi yanasema nini. Nikamwambia ni dua ya mama.

Binti yangu alikuwa anapita kwenye majina, akisoma yale anayoyaweza. Akaniuliza mama zao wako wapi.

“Walipata uhamisho,” nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na jina lililofuata. Hakuuliza tena. Mimi ndiye niliyeketi chini.

Nimezaliwa Utaita, ambako wazee wa kale waliyahifadhi mafuvu ya wahenga wao mapangoni, karibu na makazi, wapate kuwaendea kwa ushauri. Hatukuwaacha wafu wetu mbali. Hata leo, Mkenya akifia Boston tunachangisha hadi senti ya mwisho kumrudisha, na nchi nzima inakumbuka jinsi wakili S. M. Otieno alivyofariki Desemba 1986 akazikwa Mei 1987, kwa sababu mahakama iliulizwa aende ardhi ipi. Nimewahi kuicheka ile kesi. Siicheki tena.

Lakini Voi, katika Utaita huo huo, ina makaburi ya wageni. Tulipita kandokando yake tukienda shule: mawe yaliyopangwa kwa mistari, majina ya askari wa Uingereza na Afrika Kusini wa Vita Kuu ya Kwanza, waliopambana na Wajerumani kwenye njia ya Taveta, ambako upande wao ulishindwa vibaya kwenye kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916. Hata mwaka wa ukame, mbuzi wakifa, pale palifagiwa. Mama hakupenda turuke ukuta. “Hawa nao wana mama zao,” alikuwa akisema, ingawa kwa hesabu mama hao walikuwa wamekufa zamani.

Wapagazi waliowabebea askari hao unga na risasi hawakupata mawe. Mitaa ya Kariakoo imebaki na jina la kikosi chao, wenyewe wamebaki porini. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nilipokuwa napalilia safu yangu niliwaza hao pia. Mtoto wa Voi, mke wa askari wa Marekani, nimepiga magoti Ujerumani nang'oa magugu juu ya mtoto wa Mmarekani aliyefariki kabla mama yangu hajaolewa. Sijui kama kuna mtu aliyeipanga safari ya namna hii. Nilimaliza safu, nikaomba nyingine.

Jumapili iliyofuata mpwa wangu alinitumia picha. Wanawake wa jumuiya ya Mama walikuwa wamekwenda kulisafisha kaburi la Mama, na mmoja, ambaye simjui, ameinama na jembe. Uso hauonekani. Nilitaka kuuliza jina lake, nikaishia kutuma shukrani kwa wote.

Amri yetu imeshafika. Tunarudi Texas mwezi wa Juni. Wapakiaji watakuja na stika zao, na kila kitu kitapewa namba: meza, baiskeli, kitanda cha mtoto, ile pasi isiyofanya kazi ambayo nimeikataza isitupwe. Ipo fomu ya vilivyovunjika na fomu ya vilivyopotea. Nyumba tutaikabidhi tupu, matundu ya misumari yamezibwa, kuta zimefutwa.

Kiberiti hakipewi namba. Kimo kwenye mkoba wa mkononi pamoja na pasipoti tano. Tumeomba likizo ya majuma mawili katikati ya safari ili tupitie Voi. Jibu bado halijaja.