Rangi za Miti Mpakani: Busia na Malaba Wakati wa Kiangazi

Katika Uingereza na nchi nyingine za baridi, miezi ya Septemba hata Novemba ndiyo majira ya majani kupukutika. Mchana huwa mfupi, baridi huanza kuuma, na rangi ya kijani iliyomo katika majani hutoweka. Hapo ndipo manjano, iliyokuwa imefunikwa siku zote, hujitokeza. Na majani mengine huwa mekundu. Watu hufunga safari kwenda kuitazama miti tu.

Je, mkaaji wa Busia au Malaba hana tamasha kama hilo? Analo, ila pengine hajaliangalia. Miji hii i karibu na Ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Kwa hiyo miti ya huku haifuati baridi, bali hufuata maji. Mvua zikatikapo mwezi wa Desemba na ardhi kukauka hata Februari, miti mingi huangusha majani ili isipoteze maji machache yaliyobaki.

Msafiri ashikaye njia ya Busia kwenda Malaba katika miezi hiyo, kwa kupitia Alupe na Adungosi, ataona mengi. Milama ya nyikani hugeuka hudhurungi na nyekundu. Mvule hugeuka manjano, kisha husimama mtupu, shina lake likiwa refu na nene kama nguzo. Murembe, kama Waluhya wauitavyo, hauna jani hata moja, lakini ncha za matawi yake huwaka maua mekundu, na ndege chozi huja kunywa utamu wake. Huo ulikuwa pia mti wa kiapo, wala haukukatwa ovyo. Lusiola, ambao Wajaluo huuita siala, huchanua maua ya manjano yenye mistari myekundu. Nao mti uitwao Moto wa Nandi huwapa watoto mchezo, maana vitumba vyake vimejaa maji ya kurushiana.

Huko Malaba malori hupanga foleni kungoja kuvuka, na vumbi ni jingi. Lakini mtu akiinua macho upande wa machweo huliona jabali la Tororo, ng'ambo ya Uganda, na miti ya pande zote mbili ni ile ile. Mpaka uliwagawa watu; miti haukuigawa.

Mkulima mwangalifu haoni uzuri tu. Machipukizi mapya yatokeapo kabla ya mvua za Machi, hujua kwamba wakati wa kutayarisha shamba umefika.

Lakini kalenda hiyo yafutika. Miti imekatwa kwa mbao, kwa makaa, kwa kuchoma matofali na kwa kukausha tumbaku. Hasara kubwa ni ya mvule. Mbegu zake hutawanywa na popo walao matunda, na mche wake hushambuliwa na mdudu mdogo sana, ambaye husababisha vivimbe katika majani hata ncha ikaoza. Mvule ukianguka leo, mjukuu wa aliyeukata huenda asiuone mwingine wa ukubwa ule.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaitaka Serikali ijitahidi kufikisha miti katika asilimia 10 ya ardhi, au zaidi. Kazi hiyo haiwezi kutimizwa na Serikali peke yake. Atakaye nguzo na apande lusiola, ambao hukua upesi na huchipuka tena ukikatwa. Mche wa mvule uotao wenyewe shambani using'olewe; uachwe kati ya miti ya aina nyingine, ambapo mdudu yule hauoni kwa urahisi. Mti uliotunzwa ni kivuli, ni mbao ya kesho, na kila kiangazi ni pambo lisilolipiwa hata senti moja.