Paa wa Kichina katika Mashamba ya Uingereza

Mwezi wa Aprili nilisafiri kwenda Uingereza kumzuru mpwa wangu aliyelowea katika mji wa Bedford. Siku moja, tulipokwisha kusali Alfajiri, alinichukua pamoja na mwanawe, kijana wa miaka 16, mpaka shamba lililo nje ya mji. Huko alitungoja jirani yake, mzee wa Kiingereza, aliyepewa idhini na mwenye shamba kuwinda paa.

Nchi ile ni tambarare. Ngano ilikuwa changa, baina ya konde na konde pana ugo wa miti ya miba, na hapa na pale pana kijisitu. Nilidhani nitaonyeshwa mnyama mkubwa mwenye mapembe kama matawi. Kumbe huyu kimo chake begani ni kama sentimita 50 tu. Mgongo umebinuka, dume ana vipembe vifupi na chonge mbili zitokezazo mdomoni, na akishtuka hubweka kama mbwa. Waingereza humwita muntjac.

Naye ni mgeni huko. Asili yake ni Uchina, na aliletwa karibu na mwaka 1900 kuwa pambo katika bustani ya Woburn, mali ya Duke wa Bedford. Wengine walitoroka, wengine wakaachiwa kwa makusudi, hata wakaenea nchini. Jike hubeba mimba miezi 7, na siku chache baada ya kuzaa huweza kushika nyingine, wakati wowote wa mwaka. Mbwa mwitu, ambao wangewapunguza, walikwisha zamani. Basi paa hawa hula machipukizi na maua ya misitu, na ndege wa vichaka vya chini hukosa makazi. Na kwa kuwa huzaa wakati wowote wa mwaka, sheria haikumwekea muntjac miezi ya kutowindwa.

Tulikwenda taratibu kuelekea unakotoka upepo, ili harufu yetu isimfikie. Mzee alikuwa akisimama kila hatua chache na kutazama kwa darubini. Mara jike akatoka ugoni, akasimama kama hatua 60 kutoka kwetu. Mzee akaweka bunduki juu ya magongo yake, akatazama sana, kisha akaishusha. Jike akala, akaenda zake.

"Babu, mbona hakumpiga?" kijana aliniuliza kwa mnong'ono.

Mzee alimjibu mwenyewe: chuchu za jike yule zilikuwa zimejaa maziwa. Mahali fulani katika miba amemficha mtoto, na akifa mama, mtoto atakufa kwa njaa. Akaongeza neno lililonistaajabisha: jike mwenye mimba kubwa hupigwa, kwa kuwa mtoto wake wa kwanza amekwisha kuacha kunyonya na hapana atakayebaki yatima. Neno hilo lilinichoma moyo. Lakini nilipolifikiri nikaona kwamba ameyachagua madhara yaliyo mepesi.

Baadaye dume alitokea chini ya kilima. Nyuma yake palikuwa na ardhi ya kuizuia risasi, wala si njia ya watu. Mlio ukawa mmoja tu, naye akaanguka papo hapo. Mzee alitaka kutukirimu paja. Tulimshukuru, tukamweleza kuwa kwetu nyama ina masharti ya kuchinjwa na kutajwa jina la Mwenyezi Mungu, naye hakuudhika.

Njiani kurudi nilimwambia kijana habari za kwetu Unguja. Katika msitu wa Jozani yuko paa nunga, mdogo kama huyu, lakini yeye ni mwenyeji, na amebaki mchache mno. Kule kuwinda ni kuuhifadhi msitu; huku kumwinda paa nunga ni kuumaliza. Tendo ni moja, hukumu ni mbili.

Enyi vijana, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo katika Suratul-Maida, wala hakutuhalalishia kuua kwa mchezo. Nimesomesha chuoni miaka mingi kwamba elimu hutangulia amali. Asubuhi ile nilimwona mtu asiyesoma chuo chetu akiitumia elimu yake kwa kushusha bunduki, na mtoto wa paa, ambaye hatukumwona, akabaki na mama yake.