Vyuma vya baba na bei ya wazi

Baba yetu alikuwa fundi wa Peugeot 504, gari iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968. Alipofariki, alituachia katika depo mataa ya mbele, kabureta na piesi zingine mpya. Mnunuzi wa vyuma alitaka kuzipima kwa kilo. Baba wadogo nao wakaanza kuulizana: mama atauza kwa ngapi, na feza zitaenda wapi?

Dada yetu aliye Ubelgiji alitueleza kwamba huko wapenzi wa gari za zamani hutafuta piesi hizo kwenye mnada wa intaneti. Tulipiga picha za kila piesi, namba yake, hata mahali palipokwaruzika. Wasafiri walizibeba katika valizi. Kabla ya mnada tulikaa jamaa yote, tukaandika katika kaye bei ambayo hatutashuka chini yake.

Katika mnada huo mnunuzi anaandika kiasi chake cha mwisho kwa siri, na mashine inampandishia kidogo kidogo, apate tu kumpita mwenzake. Lakini bei iliyofikiwa, kila mtu anaiona. Baba wadogo waliitazama ikipanda kwenye telefone ya mama.

Mataa yalilipa masomo ya wadogo wetu. Kabureta haikufikia bei yetu, imebaki kwa dada. Hakuna aliyeuliza tena habari ya feza. Mama mjane akiuza mali ya marehemu, auze mahali bei inapoonekana na jamaa yote.