Muulize Bibi Yako

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Tatizo, msomaji mwenzangu, ni kwamba asubuhi yenyewe wengi wetu tumeisahau. Shule tumemaliza, tuko kijiweni au dukani, na kila mtu mzima anayepita ana kazi ya kututajia: uhasibu, udereva, ualimu, jeshi. Sisi tunaitikia tu, "Ndiyo, mjomba."

Mimi naishi Kibaha, Maili Moja. Nauza misumari, rangi na saruji katika duka la vifaa vya ujenzi, na jioni naandika hesabu. Mwaka huu mjomba wangu alijitolea kunilipia kozi ya uhasibu. Mama alifurahi sana, maana baba hayupo na nina wadogo wawili. Nami nikaona si neno, kazi ni kazi. Lakini kila nikichukua ile fomu niijaze, mkono unakuwa mzito.

Nikaenda Kisarawe kwa bibi. Unapitia Dar es Salaam, unabadili gari Gongo la Mboto, halafu unapanda vilima vya Pugu. Huko ndiko nilikokulia. Vilima vile vina udongo mweupe, kaolini kwa jina la kitaalamu, unaotengenezewa vyombo vya kauri. Sisi watoto tuliufinyanga magari na ng'ombe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda?"

Nikamweleza habari ya fomu, kisha nikamwuliza utotoni nilipenda nini. Nilitegemea aseme ufinyanzi. Akacheka.

"Wewe? Kufinyanga ulikuwa hujui. Ng'ombe wako hana shingo! Ila ulikuwa unawasemesha. Huyu mwenye duka, huyu kakopa halipi. Nikikuita kula huji mpaka kesi iishe."

Nikanyamaza. Maana, jamani, dukani nafanya hivyo hivyo. Nyuma ya daftari la hesabu nimejaza maneno ya wateja: fundi anayelumbana na mwenye nyumba, mama anayenunua bati moja moja kila mwezi. Nani kanituma? Hakuna.

Nikamkumbuka Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akatembeza vyungu akivinadi kwa sauti. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa muziki, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Aliyetazama vyungu tu angemshauri abaki navyo. Kumbe jambo lilikuwa kwenye sauti.

Basi usitazame ulicheza mchezo gani. Tazama ndani yake ni kitu gani hukutaka kukiacha. Aliyependa mpira huenda alichopenda hasa ni kupanga timu.

Nimemwomba mjomba ile ada anilipie kozi ya uandishi wa habari. Alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Hiyo inalipa, mjomba?" Nikamwambia sijui, ila hiyo nitaiamkia alfajiri bila kuitwa. Atanijibu mwisho wa mwezi. Mama hajafurahi, na simlaumu. Unga unanunuliwa kwa fedha. Kwa hiyo dukani bado nipo, na hata mjomba akikataa, daftari litaendelea.

Wewe je? Kabla hujajaza fomu, mtafute mtu aliyekuona ukiwa na miaka saba. Usimwulize ulisema utakuwa nani ukikua. Sote tulisema rubani. Mwulize ulikuwa unafanya nini ukiitwa kula huji.