Behewa Haliuawi na Mzigo

Ndugu msomaji, wengi wetu tukiona chuma chenye kutu husema neno moja tu: "Kimezeeka." Tukiona ukuta uliopasuka husema vivyo hivyo, na tukimwona mzee ameketi kimya kibarazani husema vivyo hivyo. Neno hilo tunalitumia ovyo. Kuna kuchakaa, na kuna kuoza. Kuchakaa ni alama ya kazi iliyofanyika. Kuoza ni alama ya kuachwa. Asiyezitofautisha hali hizi mbili anaweza kukitupa kilicho kizima, na anaweza pia kukiacha kiharibike kilichokuwa bado kinafaa. Leo naomba tuitazame tofauti hiyo katika kitu kisichozungumzwa sana katika kurasa za familia, nacho ni behewa la mizigo.

Sisi wakazi wa mji wa Iringa hatuna reli mlangoni petu. Zamani aliyetaka kupanda treni alisafiri kwa barabara hadi Dodoma, au alishuka mlima kuelekea Kilosa. Hali ilibadilika ilipokuja Reli ya Uhuru, yaani TAZARA. Mkataba wake ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976, ikiwa na urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilipita Makambako, mji ambao wakati huo ulikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, kabla ya kuundwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012. Hapo Makambako ndipo baba yangu alipofanya kazi, na ndipo mimi, kitindamimba wa nyumba yetu, nilipozaliwa.

Baba alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Zana zake zilikuwa taa, chaki na nyundo yenye mpini mrefu. Treni iliposimama, usiku au mchana, alipita ubavuni mwake akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu, kama chungu kilichopasuka. Behewa lenye kasoro alilitia alama ya chaki, likatengwa lisiendelee na safari. Kazi hiyo haikuwa ya mzaha. Kati ya Mlimba na Makambako reli inapanda kutoka Bonde la Kilombero hadi nyanda za juu, ikipita katika mahandaki 18 na juu ya madaraja 46. Treni inayoshuka mteremko ule hushikwa na breki kwa muda mrefu hadi magurudumu yakapata moto, na gurudumu lenye ufa likipasuka huko hakuna wa kulisaidia. Kwa miaka yote hiyo, ugali wetu ulitoka katika sikio la baba.

Baada ya kustaafu aliendelea kuishi Makambako pamoja na mama. Mama alipofariki, kikao cha ukoo kiliamua kwamba baba ahamie Iringa, akae nasi Kihesa. Kaka yangu mkubwa alisema maneno ambayo hapana shaka yamewahi kusemwa katika nyumba nyingi zenye upendo: "Baba amefanya kazi ya kutosha. Sasa apumzike kabisa." Shangazi akaunga mkono. Basi baba hakuruhusiwa kushika jembe, kuchota maji wala kwenda dukani. Aliwekewa kiti kizuri na redio. Vyombo vyake vya kazi vilitiwa katika gunia, wakisubiriwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Haikupita nusu mwaka, baba akawa mtu mwingine. Alilala mchana na kukesha usiku. Miguu ilimvimba. Alianza kuchanganya majina ya wajukuu, yeye ambaye alikuwa akikumbuka namba za mabehewa kwa mamia. Mganga aliyempima hakuona ugonjwa mkubwa. Alisema tu kwamba mzee atembee, na apewe cha kufanya. Nyumbani maneno hayo yalisikika kama ya mtu asiyetujua.

Mwaka juzi tulipata msiba Makambako, nami ndiye niliyemsindikiza baba. Baada ya mazishi aliomba tupite stesheni. Palikuwa na upepo ule wa Makambako unaoingia hadi kwenye mifupa, lakini baba alitembea mbele yangu pasipo kunishika mkono. Kwenye njia ya pembeni yalisimama mabehewa kadhaa ya zamani. Mimi niliona kutu tu. Baba akaanza kuyasoma kama mtu asomavyo barua.

Alinionyesha kwanza vumbi la kahawia lililoganda sehemu za chini, karibu na magurudumu. "Hiyo si kutu," alisema. "Ni unga wa breki. Hili limeshuka mlima mara nyingi." Alinionyesha sakafu iliyobonyea katikati, akaniambia kwamba ndipo ilipokaa shaba ya Zambia, mzigo mdogo kwa kuutazama lakini mzito ajabu. Kingo za milango zilikuwa zimelika hadi kung'aa, mahali ambapo mikono na magunia vilipita kwa miaka. Rangi ya ubavu mmoja ilikuwa imepauka kuliko ya ubavu wa pili, kwa kuwa behewa lilisimama muda mrefu likielekea jua. Katika behewa jingine kutu ilikuwa imeanzia ndani, kwenye pembe za sakafu. "Mbolea," alisema. "Magunia yakipasuka chumvi yake hunywa unyevu wa hewa, kisha hula chuma. Lisipofagiliwa baada ya kushushwa mzigo, kazi ya kutu imeanza."

Ndugu msomaji, maneno hayo ya baba yalinipeleka kwenye vitabu. Nilisoma habari za Uingereza, nchi iliyojengwa kwa makaa ya mawe, ambako mabehewa ya madini yamechunguzwa kwa undani kuliko mahali pengi duniani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, migodi na wauza makaa wa huko walikuwa na mabehewa yao wenyewe ya mbao, yenye majina yao kwa herufi kubwa za rangi. Mwaka 1948 reli zilipotaifishwa, mabehewa ya aina hiyo zaidi ya 500,000 yaliingia mikononi mwa serikali. Mengi hayakupakwa rangi tena. Ubao uliovunjika ulibadilishwa, nao mpya ukaachwa mtupu. Hivyo lilipita behewa lenye mbao za kijivu, ubao mmoja mweupe, na herufi zilizofifia za mwenye mali ambaye hakuwa tena mwenye mali.

Badala yake yaliundwa mabehewa ya chuma yenye kubeba tani 16, yapata 300,000 kwa jumla. Hayo yalikuwa na kisa cha kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya makaa ya mawe mna salfa. Salfa hiyo ikikutana na maji ya mvua huzaa tindikali dhaifu, nayo hujikusanya kwenye pembe za sakafu, palepale baba alipoikuta kutu ya mbolea. Kwa hiyo behewa lililiwa kutoka ndani kwenda nje. Mpita njia aliona ubavu wenye rangi ya kijivu iliyo safi, kumbe nyuma ya rangi hiyo chuma kimekuwa chembamba kama karatasi. Kisha rangi ilivimba malengelenge, ikabanduka, na siku moja tundu likatokea. Mafundi walichomelea viraka vya chuma juu ya matundu, na kiraka nacho kikaanza kupata kutu yake. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 kazi yake ya kubeba makaa ilikuwa imekwisha.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba huko wapo watu wazima wanaounda mabehewa madogo mfano wa hayo, yanayoenea kiganjani, na badala ya kuyang'arisha huyachakaza makusudi. Kwa brashi nyembamba huchora kutu mpya kwa rangi ya chungwa na kutu ya zamani kwa kahawia iliyokoza. Huchora kiraka, huchora vumbi la breki, na hubishana kwa picha za zamani kama michirizi ya maji ya mvua iko mahali pake. Nilipomsimulia baba habari hiyo alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Hao wanaijua kazi."

Lakini turudi Makambako, maana somo kubwa liliniangukia pale pale njiani pembeni. Mwisho wa mstari lilisimama behewa ambalo kwa macho yangu lilikuwa bora kuliko yote. Sakafu yake haikubonyea na milango yake haikulika. Majani yalikuwa yameota katikati ya magurudumu. Baba aliokota jiwe, kwa kuwa nyundo yake ilikuwa ndani ya gunia Kihesa, akagonga gurudumu, akatikisa kichwa. Akanionyesha tundu la kutolea maji lililozibwa na udongo, maji yakabaki juu ya sakafu masika hadi masika. Akanionyesha mahali ambapo mhimili wa magurudumu hukaa ndani ya grisi. Behewa likitembea, mafuta huzunguka na kuufunika mhimili wote. Likisimama, mafuta hushuka chini, upande wa juu hubaki mkavu, na unyevu huingia. Akanionyesha vipande vya breki vilivyotolewa kwenda kusaidia behewa jingine.

"Behewa haliuawi na mzigo, mwanangu," alisema. "Linauawa na kusimama."

Sikumjibu, kwa kuwa nilijua hasemi habari za behewa peke yake.

Wala si behewa moja lililosimama. Reli hii, ambayo katika miaka yake bora ilibeba zaidi ya tani milioni moja za mizigo kwa mwaka, ilishuka hadi chini ya tani 100,000 katika mwaka wa 2014/15. Mzigo ukipungua, mabehewa husimama. Mabehewa yakisimama huharibika, na yakiharibika mzigo hukosa wa kuubeba. Duara hilo halikatwi kwa kulaumu uzee. Ndiyo maana tulisikia kwa matumaini kwamba Septemba 2024 hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo ilitiwa saini Beijing mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China. Fedha zitanunua vyombo vipya, na hilo ni jema. Lakini chombo kipya nacho kitahitaji mtu wa kukifagia, kukipaka grisi na kukigonga kwa nyundo kila kinaposimama stesheni, la sivyo baada ya miaka 40 mwingine atakuja kusoma kutu ile ile.

Tuliporudi Iringa nilimweleza kaka yangu yote niliyoyaona, mbele ya shangazi. Hatukugombana. Kaka alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaenda stoo mwenyewe akalifungua lile gunia. Siku hizi baba ana kazi. Hapewi mzigo wa kijana, maana hata mkaguzi mzuri hapakizi tani 16 penye uwezo wa 8. Lakini kila asubuhi hukagua nyumba: mifereji ya bati kabla ya masika, bawaba za milango, mpini wa jembe, breki za baiskeli ya mjukuu. Majirani nao humletea vitu vyao. Mjukuu wa darasa la nne humfuata na chaki, na kila chenye kasoro hutiwa alama. Miguu imepungua kuvimba. Majina ya wajukuu bado huyachanganya siku moja moja, nami sitakudanganya kwamba nyundo ni dawa ya kila kitu. Hata hivyo, usiku analala.

Nawe msomaji, fanya ukaguzi nyumbani kwako wiki hii. Anza na vya chuma, kwa kuwa ni vyepesi. Usitazame rangi ya nje tu. Inua zulia, tazama pembe, tazama mahali maji yanapotuama. Jembe lioshe udongo kabla ya kulilaza. Karai lililobeba saruji au mbolea lisuuze siku ile ile. Bati lenye kutu ndogo lipigwe msasa na kupakwa rangi sasa, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisha watazame watu wa nyumba yako kwa jicho lile lile. Mikono yenye sugu ya bibi, mgongo wa babu uliopinda, ni unga wa breki tu, alama ya milima waliyoishuka wakiwa wamewabeba ninyi. Hiyo isikutie hofu. Ogopa kiti kizuri kilichowekwa mahali ambapo hakuna anayepita, na redio inayozungumza peke yake mchana kutwa. Mwulize mzee wako jambo analolijua kuliko wewe. Mpe kazi inayolingana na nguvu zake, kisha usimfuate nyuma ukiirudia. Kaa karibu umsikilize kwa makini, kama mkaguzi anavyosikiliza gurudumu. Kilicho kizima utakijua kwa mlio wake.