Kufuli Lisilo na Ufunguo



Ndugu wasomaji, kila mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutualika tuwakumbuke marehemu wetu. Tunaandika majina yao kwenye karatasi, tunayapeleka altareni, tunawaombea Misa. Mwaka huu kwenye karatasi yetu limo jina moja ambalo hatujazoea kuliona mahali hapo. Ni jina la rafiki yetu wa miaka 11. Tunaomba tuwasimulie habari zake, pamoja na habari za kufuli moja bovu.

Sisi tunaoandika ni watatu, ingawa kalamu ameishika mmoja. Tuko mwaka wa tatu wa falsafa. Zamani tulikuwa wanne. Tulikutana kidato cha kwanza katika seminari ndogo, tukapangiwa vitanda vinavyofuatana bwenini na meza moja chumba cha chakula. Mmoja wetu somo wake ni Mtakatifu Yosefu, wa pili Mtume Tomaso, wa tatu Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Wa nne, ambaye ametutangulia, somo wake alikuwa Mtume Petro. Jina lake halisi tunamwachia Mungu na mama yake.

Aliyepita seminari ndogo anajua tranka ni nini. Ndiyo nyumba yako. Ndani yake mna sukari, karanga, sabuni na barua ya mama. Basi, majuma matatu baada ya kufungua shule, huyu mwenzetu alipoteza ufunguo wa tranka lake. Tulitafuta kila mahali, mpaka chini ya benki za kanisani. Mwishowe fundi wa seminari alikuja na msumeno wa chuma. Kufuli likamshinda, akaamua kukata pete ya tranka. Kwa hiyo tranka lilifunguka, na kufuli likabaki limefungwa, zima kabisa, bila ufunguo.

Hatukumwonea huruma. Tulimwambia: "Somo wako alikabidhiwa funguo za Ufalme wa mbinguni, na hatujasikia kwamba alizipoteza. Wewe umepewa mmoja tu, wa tranka, na umeshindwa kuutunza majuma matatu!" Kuanzia siku hiyo bweni zima lilimwita Mwenye Funguo.

Alicheka nasi, akanyamaza, akangoja. Tarehe 3 Julai, sikukuu ya Mtume Tomaso, alimletea mwenzetu zawadi ya somo. Lilikuwa boksi la viatu. Ndani ya boksi gazeti, ndani ya gazeti gazeti jingine, ndani yake tena gazeti. Bweni zima lilikuwa limekusanyika, kila mmoja akiwaza biskuti. Kumbe ni lile kufuli, pamoja na kikaratasi: "Pokea, tunza, mpe mwenzako."

Hapo ndipo desturi yetu ilipoanza. Kufuli lilizunguka kwa siku za somo: tarehe 3 Desemba kwa Fransisko Ksaveri, tarehe 19 Machi kwa Yosefu, tarehe 29 Juni kwa Petro, tarehe 3 Julai kwa Tomaso, na mzunguko unaanza tena. Sheria zilikuwa tatu. Kwanza, anayepewa hapokei kwa mkono mmoja, na ni lazima atoe hotuba fupi ya shukrani. Pili, kufuli limfikie mwenye zamu siku ya somo wake, mvua inyeshe au jua liwake. Tatu, njia ya kulificha isirudiwe.

Sheria ya tatu ndiyo iliyotutesa. Kufuli limewahi kukaa ndani ya mkate uliokatwa chini na kufunikwa vizuri. Limekaa ndani ya boga. Limekaa ndani ya kipande cha mwanzi wa kukingia ulanzi, na ndani ya mfuko wa unga wa kilo mbili. Desemba huwa ni likizo, kwa hiyo la Ksaveri lilisafirishwa kwa basi. Mwaka mmoja kondakta alikipima kifurushi mkononi, akauliza kuna nini humo kizito hivyo. Akaambiwa ni kufuli. Akauliza ufunguo wake uko wapi. Akaambiwa hauna. Alitutazama kwa muda, akatoza nauli ya mzigo kamili.

Mwenye Funguo alikuwa na taabu yake ya pekee katika mchezo huu. Kati ya sikukuu ya somo wake na ile ya Tomaso kuna siku nne tu. Alipokee kufuli, atafute namna mpya ya kulificha, alifikishe. Kwa hiyo yeye hakungoja. Alianza kutayarisha chombo tangu Pasaka, kisha akawa anapita akitutambia: "Nyumba iko tayari, leteni mgeni."

Hatujasema kwamba alikuwa na ugonjwa wa siko seli. Alizaliwa nao. Tulijua dalili zake kama tulivyojua ratiba ya sala: macho yenye umanjano, chupa ya maji isiyotoka mkononi, vidonge vya kila siku, na blanketi la pili. Baridi ilikuwa adui yake, na seminari yetu ilikuwa Nyanda za Juu Kusini, ambako Juni na Julai asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda. Maumivu yalipomshika miguuni na mgongoni hakuweza hata kuvumilia shuka imguse. Kwa hiyo sikukuu ya somo wake ilimkuta zahanati zaidi ya mara moja.

Tukiwa kidato cha tatu tulimpelekea kufuli huko huko. Tulichukua chupa ya maji inayofanana na yake, tukaikata chini, tukaliweka ndani na kuifunga kwa gundi, tukaibadilisha na chupa iliyokuwa kando ya kitanda. Alipoinyanyua anywe, ikagonga: kokoto, kokoto! Alicheka mpaka sista muuguzi akaja kutufukuza. Baadaye alituambia, "Siku ile maumivu yalikaa nje ya mlango, yakisubiri tumalize kucheka."

Baada ya kidato cha sita sisi watatu tuliendelea na malezi. Yeye alisali, akashauriana na walezi, akarudi nyumbani kijijini, mkoa wa Njombe. Alifungua duka dogo la madaftari na kalamu, na kila Jumamosi alifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kigangoni. Kufuli halikukoma. Lilipanda mabasi, likalala stendi, likafika.

Mpaka mwaka jana.

Mwaka jana, tarehe 19 Machi, yule mwenzetu wa Yosefu alilipokea kama kawaida. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Mwenye Funguo. Lakini Juni ilikuwa na mitihani, na mwenzetu huyo alikuwa na insha ya kumalizia: urafiki kwa mujibu wa Aristotle. Wanafalsafa wenzetu mnaijua habari hiyo. Katika vitabu vya nane na tisa vya Maadili ya Nikomako, Aristotle anatofautisha urafiki wa aina tatu: wa faida, wa raha, na ule wa watu wema wanaotakiana mema kwa ajili ya mwenzao mwenyewe. Huu wa tatu, anasema, ni adimu na unahitaji muda, na anataja methali kwamba watu hawajuani kabla hawajala chumvi pamoja. Mwenzetu aliandika vizuri. Aliiunganisha methali hiyo na msemo wetu wa mtu aliyekula chumvi nyingi. Akapata alama za juu, na mwalimu akaisifu insha yake mbele ya darasa.

Juma lile lile kufuli lilikuwa kwenye droo ya meza alipoandikia.

Tarehe 29 Juni jioni ukaingia ujumbe katika simu: "Heri ya somo kwangu. Mgeni amepotea njia?" Mwenzetu alijibu kwa haraka, akiwa anaelekea Masifu ya Jioni: "Ndugu, tumekua sasa. Tuwaachie watoto mambo haya."

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu: "Sawa, Frateri."

Katika miaka yote ya kujuana kwetu, hakuwahi kumwita yeyote kati yetu Frateri. Kwake tulikuwa majina ya utani tu. Mwenzetu aliliona neno hilo na likamchoma kidogo, lakini aliliacha lipite. Alijiambia atampigia simu wakati wa likizo.

Agosti kifua kilimbana Mwenye Funguo kwa siku mbili. Siku ya tatu akafariki dunia, akiwa amepokea Mpako wa Wagonjwa. Baba Gombera alituruhusu kwenda, tukasafiri usiku kucha bila kuzungumza. Yule wa Yosefu alikuwa na kufuli katika mfuko wa koti. Alikusudia kuliacha kaburini.

Baada ya mazishi, Mama alituita sisi watatu katika chumba cha mwanawe. Kitanda, rafu ya vitabu, na lile tranka lenye pete iliyokatwa. Akalifungua, akatoa mche wa sabuni ya kufulia uliofungwa kwa uzi. Juu yake pameandikwa: "Kwa Tomaso, 3 Julai." Akaufungua uzi. Mche ulikuwa umepasuliwa kwa urefu, na katikati umechimbwa kwa uangalifu, shimo lenye umbo la kufuli, na kishimo chembamba kwa ajili ya ule upinde wake wa juu.

"Alikuwa akichimba na kijiko siku alizokuwa amelala," Mama alisema. "Nikamgombeza, unaniharibia sabuni. Akaniambia, mama, mgeni wangu yuko njiani."

Mwenzetu alilitoa kufuli mfukoni, akaliweka. Likaingia sawasawa. Hakuna aliyesema neno. Kisha akapiga magoti pale sakafuni, akamweleza Mama yote, insha na ujumbe, akilia.

Mama alimwacha alie kwanza. Halafu akasema, "Nilijua. Aliniambia. Alisema, yule amechoka na mitihani, atalileta tu."

Mwenzetu akaomba ruhusa alifukie kufuli chini ya msalaba wa kaburi. Mama akakataa. "Usinifungie mwanangu humo. Kwani sheria yenu si kumpa anayefuata?"

Ndugu wasomaji, tuliporudi seminarini tulisoma upya kitabu cha nne cha Maungamo ya Mtakatifu Agostino. Anamkumbuka rafiki yake wa ujana huko Tagaste, ambaye hakumtaja kwa jina. Rafiki huyo alishikwa na homa, akabatizwa akiwa hana fahamu. Alipopata nafuu, Agostino aliufanyia mzaha ubatizo ule, akidhani watacheka pamoja. Rafiki akamkemea. Siku chache baadaye homa ikarudi, akafa Agostino akiwa hayupo. Agostino alitania mahali palipohitaji heshima. Sisi tulijitia heshima mahali palipohitaji utani. Tulidhani kukua kiroho ni kuyaacha mambo madogo, kumbe upendo wetu wote ulikuwa umekaa ndani ya hilo jambo dogo. Kufuli lile halikuweza kufunga kitu wala kuuzwa. Halikuwa na faida yoyote, na ndiyo maana lilikuwa ushahidi mzuri kwamba hatukupendana kwa ajili ya faida. Aliyeandika insha aliyajua hayo kwa kalamu.

Lakini Agostino anaendelea, nasi tunaendelea naye: heri ampendaye rafiki yake ndani ya Mungu, kwa kuwa hapotezi mpendwa yeyote yule aliyewapenda wote ndani ya Yeye asiyepotea. Mwenzetu alikwenda kwa baba yake wa kiroho, akaungama. Alipotoka, alitushirikisha neno moja tu aliloambiwa: majuto mazuri yana miguu, huondoka na kwenda kwa mtu.

Kwa hiyo mwaka huu, tarehe 29 Juni, tulikuwa na safari. Tulisali kaburini, kisha tukampa Mama zawadi ya somo wa mwanawe: kikapu cha vitunguu, na kufuli chini kabisa. Alilipokea kwa mikono miwili, akatoa hotuba. Alisema sasa ana deni na siku nne.

Tarehe 3 Julai kiroba cha viazi kiliwasili kwa basi, kikiwa na jina la Tomaso. Tulikimwaga jikoni, tukatafuta, hatukuona kitu. Tomaso akasema safari hii Mama ametuma viazi kweli. Mpaka alipokiona kiazi kimoja kikubwa kilichounganishwa kwa vijiti, na hakusadiki mpaka alipotia kidole chake. Tulicheka hadi wapishi wakaja kuangalia. Kisha tukanyamaza, kwa kuwa wote watatu tulikuwa tumegeuka upande mmoja, pale ambapo yeye angesimama.

Kufuli liko kwa Tomaso mpaka tarehe 3 Desemba. Limefungwa bado. Mche wa sabuni Mama anautunza, haufulii.

Nawe msomaji, labda kuna ujumbe wa rafiki uliouacha bila jibu, au uliojibu kwa haraka ukiwa njiani kwenda kusali. Mpigie leo, hata kama ni kwa jambo la mzaha. Na unapowaombea marehemu mwezi huu, utukumbukie huyu mmoja. Mungu ampe raha ya milele, na mwanga wa milele umwangazie. Amina.