Kabla ya kiwanja Handeni, ulizia maji

Kodi ya miezi sita kwa mkupuo ndiyo inayowafanya wengi Dar es Salaam waanze kuiwaza Tanga. Mume na mke waliopanga Mbagala, watoto watatu, hupiga hesabu usiku na kuona fedha ile ingekuwa mwanzo wa kiwanja.

Mume hutaka Handeni. Eneo ni kubwa, na mvua ikinyesha mahindi yanakubali. Mke huuliza: "Baba watoto, na maji je?"

Swali lake ndilo zito. Handeni ina shida ya maji ya miaka mingi. Mradi wake wa HTM huyavuta kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe. Kiwanja cha bei rahisi kisicho na maji humaliza akiba kwenye madumu, na anayeyabeba kwa kawaida si baba. Korogwe mjini kuna mto, barabara kuu ya Moshi na Arusha, na hospitali ya Magunga. Dalali wa huko hana haraka.

Halafu karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi, hata ung'ae vipi.

Mke mwenye busara huomba jambo moja tu: waende wote wawili, mwezi wa pili, jua likiwaka, walale siku mbili jirani na kiwanja, wahesabu madumu.